Mgeni Aliyejichukulia Ufagio

Kuivavaara, 13 Januari 1974

Saimi mdogo wangu,

Pokea salamu zangu na za ng'ombe wote watatu. Huku hatujambo, ukiacha bega langu la kulia ambalo silitaji. Ng'ombe wangu Heluna atazaa karibu na Pasaka. Jirani yetu Lyyli ametiwa meno mapya na sasa anacheka hata mazishini, ili yaonekane. Baridi imekaza tangu Krismasi. Kipimajoto cha dirishani sikitazami tena, maana ng'ombe wanataka kukamuliwa hata kikisema nini.

Sasa jambo lenyewe. Taisto ameandika. Mwanangu unamjua, barua yake huwa fupi kuliko anwani. Anakuja likizo katikati ya Februari, wiki mbili, na haji peke yake. Anakuja na yule Msweden wake, Gun-Britt. Hawajaoana, hawana mpango wa kuoana, wanakaa tu huko Gothenburg kama viatu vya jozi moja. Nimlaze wapi? Nikiwaweka chumba kimoja mchungaji atasikia. Nikiwatenga Taisto atanuna, na Taisto akinuna haoni shamba wala zizi.

Ninachokitaka unakijua, sina haja ya kukizungusha. Nataka mtu katika nyumba hii. Nyumba ya baba ina vyumba vinne na sauti moja tu, yangu, nami nimechoka kuisikia. Taisto akikubali kurudi, ng'ombe watabaki. Asipokubali, mwezi wa sita nawauza wote nihamie vijumba vya wazee kule kanisani, nikatazamane na ukuta.

Wewe uko karibu nao huko Sweden na huyo mwanamke umemwona. Niandikie anakula nini, na nifanye nini ikiwa mimi sijui Kiswidi na yeye hajui Kifini. Siku ya kuwapokea nitaegemeza ufagio mlango wa mbele niende kituoni nikisukuma sleji juu ya theluji, mabegi yao yasituvunje migongo. Lyyli akiuona atajua hakuna mtu, asipoteze hatua zake kwa kahawa isiyokuwepo.

Dada yako,
Hilja

*

Borås, 27 Januari 1974

Dada Hilja,

Barua yako imefika na harufu ya zizi. Niliinusa kabla sijaifungua, wenzangu wakacheka. Mimi sijambo. Huku kwetu baridi haina adabu ya kuwa theluji, inanyesha mvua tu kuanzia Novemba. Kiwandani ni kelele zile zile za mashine, ila kuna habari: mwisho wa Mei zinapelekwa Ureno, na sisi tunapelekwa nyumbani. Wenzangu wananiuliza, "Nyumbani wapi, Saimi?" Nawaambia nina kiti kizuri pale dirishani. Usinisikitikie.

Gun-Britt nilimwona mara moja. Ni mrefu, anafanya kazi kwa daktari wa meno, na kukaa tu hawezi. Alikuja kwangu kunywa kahawa, kabla haijachemka alikuwa amepangusa juu ya kabati langu, mahali ambapo mimi mwenyewe sijawahi kupaona. Lakini hana ubaya. Ana tabia moja: akikichukua kitu, hukirudisha pale pale alipokikuta, hata kama mahali penyewe si pake. Nilikuwa nimesahau kijiko juu ya redio. Akakichukua, akakiosha, akakirudisha juu ya redio. Anakula kila kitu ila damu ya kukaanga. Lugha isikutie hofu. Weka kahawa mezani unyooshe kidole, hata farasi angeelewa.

Umesema unataka mtu katika nyumba. Sentensi hiyo nimeisoma zaidi ya mara moja na sitasema kitu juu yake. Siku tuliyomzika mama uliniambia mbele ya watu, sahani ya keki mkononi, kwamba aliyeondoka ni mgeni, na mgeni hungoja kukaribishwa. Mimi ni mtu mtiifu, Hilja. Ndiyo maana mwaka wa saba huu hujaniona.

Lipake bega mafuta ya kafuri, hilo usilolitaja.

Saimi

*

Kuivavaara, 24 Februari 1974

Saimi,

Salamu. Ng'ombe wazima, mimi mzima, na maji yamenifika shingoni. Nakuandikia nikiwa zizini, karatasi juu ya ndoo, kwa sababu humu peke yake ndimo ambamo hamjapanguswa.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu sikungoja ya tatu na jembe sikumpa. Kesho yake asubuhi alijichukulia ufagio mwenyewe. Anaamka, anakunywa maji ya moto matupu kama mgonjwa, kisha anakwenda kufagia theluji ngazi za mbele, ngazi ambazo mimi wakati wa baridi sizikanyagi kabisa. Mlango wa mbele ni wa wageni, sisi wa nyumbani tunapita jikoni, nawe unajua. Akimaliza anazunguka nyumba nzima na kuingilia jikoni, ili asizichafue ngazi zake. Kisha anafungua madirisha. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri, na yeye anafungua madirisha nyumba ipate hewa. Joto la kuni zangu linatoka linakwenda kupasha moto msitu. Nikifunga hili anafungua lile, tunafukuzana hivyo mpaka saa nne.

Birika la kahawa ameliosha kwa sabuni. Lile la mama, Saimi. Utando wa miaka yote ile, ndio uliokuwa ukiipa kahawa yetu ladha, ameukwangua mpaka birika likang'aa kama la dukani, kisha akaniletea nilione. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila kofia.

Na adabu zake siziwezi. Sisi huku ni kisebusebu na kiroho papo: mgeni anakataa kahawa mara tatu, mwenyeji anamsihi mara nne, ndipo mtu anasogea mezani akilalamika kwamba ataleta usumbufu. Yeye akisema hapana ni hapana, na kikombe kinarudi kabatini. Akisema ndiyo, ukigeuka amekwisha kukaa. Chumba cha kulala niliwapa kile cha juu, vitanda viwili, na katikati nikaweka cherehani. Asubuhi ya pili cherehani ilikuwa dirishani, imefunikwa kitambaa, na ua juu yake.

Haya yote ningeyameza. Ninaloshindwa kumeza ni hili: hakuna mtu aliyekuja. Nilioka mkate wa iliki masinia matatu. Nilitandika kitambaa cha mezani cha arusi yangu. Kijiji kizima kilikuwa kikiniuliza tangu Januari, "Msweden anafika lini?" Amefika, na hakuna aliyekanyaga. Hata Lyyli, ambaye huja kila siku ya Mungu hata akiwa na homa. Jumanne nilimwona kwa macho yangu, nimesimama dirishani. Alikuja na sleji yake hadi langoni, akaitazama nyumba, akageuka akarudi zake. Taisto naye aliona. Anashinda ziwani akivua samaki chini ya barafu na kurudi kwa mlango wa jikoni, lakini siku hiyo alikuwepo. Akasema, "Mama, hawa watu wanatuonyesha kwamba hawamtaki."

Sitakuwa mwongo, kuna siku tumecheka. Alhamisi iliyopita, mchana, Gun-Britt alivaa aproni yangu na kitambaa changu cha kichwa akaniigiza ninavyomgombeza Heluna, kwa Kifini alichokitunga mwenyewe. Nilicheka mpaka nikashika meza. Sijacheka hivyo tangu mama akiwa hai. Lakini mtu hawezi kukaa kwa kicheko cha siku moja.

Niandikie upesi. Wewe ndiye pekee ninayeweza kumtukania watu.

Hilja

*

Kuivavaara, 17 Machi 1974

Saimi,

Je, barua yangu ya Februari imefika, au imeliwa na panya wa posta? Si kawaida yako. Wewe hata ukikasirika huandika, tena ukikasirika ndipo unapoandika kurasa nne.

Wageni wameondoka. Taisto hatarudi kukaa. Alinieleza siku ya mwisho, akikoroga kahawa isiyo na sukari, macho chini. Alisema, "Mama, hata angekubali, angeishi vipi mahali ambapo watu hawawezi kuja hata kumpa mkono?" Nilimwambia watu hawa ni wema. Nilijisikia mjinga nilipokuwa nikisema. Gun-Britt kituoni alinikumbatia, jambo ambalo kwetu hufanywa kwa maiti tu, na akaniachia glavu zake. Zinanienea. Nazivaa, basi.

Sasa sikia maajabu. Wameondoka Jumamosi, Jumapili baada ya kanisa Lyyli huyo hapo, na wengine nyuma yake, kana kwamba hakuna lililotokea. Akakaa, akaonyesha meno, akaniuliza kwa sauti ya siki, "Mlistarehe?" Nikamjibu, "Tulistarehe mno, hatukusumbuliwa na mtu." Akasema, "Tuliona." Nikampa kahawa tupu bila mkate, na mkate ulikuwepo, alikuwa anauona. Alikunywa akaondoka. Tumekuwa majirani tangu utoto na sijawahi kumpa kahawa tupu. Sijutii, ila nimekosa usingizi.

Mnunuzi wa ng'ombe nimemwambia aje mwezi wa sita.

Niandikie hata kama ni mistari miwili. Je, ni kiwanda? Je, unaumwa?

Hilja

*

Borås, 7 Aprili 1974

Hilja,

Barua zako mbili zimefika. Asante. Mimi sijambo, ila kidole kimoja cha mguu kiliumwa na baridi kikageuka cheusi, na daktari alikuwa akikitazama tazama. Kimepona, kucha haijaota.

Nafurahi kwamba Alhamisi ile mlicheka.

Nimejiandikisha kupata chumba cha wazee hapa hapa Borås. Kuna bustani na wanapika wenyewe. Ng'ombe uuze, ni uamuzi wa busara. Mtu asing'ang'anie nyumba wala nyumba isimng'ang'anie mtu.

Nakutakia Pasaka njema.

Saimi

*

Kuivavaara, 21 Aprili 1974

Saimi,

Heluna amezaa jike, mwekundu, paji jeupe. Mimi mzima. Salamu zimekwisha, kaa chini.

Ijumaa Kuu Lyyli alikuja. Mimi nilimsalimu kwa ncha ya ulimi, yeye akaipokea hivyo hivyo, tukatazama meza. Kisha akalipuka. Ninakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana nimeyakariri.

"Hilja, mimi na wewe tumelala kitanda kimoja tukiwa na surua. Kama hukutaka watu wamwone Msweden wako ungesema. Ungesema tu, Lyyli, kaa kwako. Siyo kumwekea mtu ufagio mlangoni wiki mbili nzima, moshi unatoka, taa zinawaka, kama sisi ni vipofu."

Nikamwambia, "Ufagio gani wewe?"

"Ufagio upi mwingine? Unaotuambia hampo. Nimekuja asubuhi, ufagio. Nimekuja mchana, ufagio. Nimekuja na keki, nimeila mwenyewe njiani kwa hasira. Kijiji kizima kimekuja mpaka langoni na kugeuka. Watu wanasema, Hilja kapata mkwe wa ng'ambo, sasa sisi tunanuka samadi."

Nilianza kurudi nyuma kichwani. Siku ya kuwapokea niliegemeza ufagio, nilikuandikia. Tuliporudi nilikuwa nimeshika mabegi, nikamwashiria Gun-Britt autoe mlangoni tuingie. Akautoa. Akauangalia, akaangalia ulipokuwa. Na kesho yake akafagia ngazi akaurudisha pale pale alipoukuta, umeegemea mlango vizuri. Kisha akazunguka kuingilia jikoni. Kila siku. Hata siku ya kuondoka nadhani alifagia, kisha tulipotoka akauweka ukutani kutupisha, na hapo ndipo watu walipoanza kuja. Uliniambia mwenyewe, ana kijiko chake juu ya redio. Uliniandikia na mimi nilisoma nikacheka.

Nilimweleza Lyyli. Alinitazama kama naongea Kiswidi. Kisha tukacheka sote wawili mpaka meno yake ya juu yakatoka, akayaweka kwenye sahani, tukacheka tena. Nilimpa mkate, akakataa mara tatu. Nilimsihi mara nne.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kisa, na nilikuwa nimeanza kupata hasira ya starehe, hasira ya kumwandikia Taisto. Lakini Lyyli alipokuwa anafunga kitambaa chake kichwani akasema, "Hata yule mhubiri mlimgeuza."

Nikasema, "Mhubiri yupi?"

"Mwanamke fulani, Alhamisi moja. Alishuka basi la mchana akaja kwako, kisha nikamwona amekaa kule barabarani kwenye jukwaa ambapo madebe ya maziwa hungoja lori, katikati ya madebe, hadi basi la jioni. Baridi ile. Nilitaka nimwite aingie kwangu, lakini ana sanduku, nikajua anauza vitabu vya dini. Sanduku la kahawia, limefungwa kamba ya kijani."

Saimi, sanduku la baba ni la kahawia. Kufuli yake ilivunjika uliposhuka nalo melini mwaka ule wa mazishi, na kamba ya kijani nilikufungia mimi kwa mikono hii, bila kusema nawe, kwa sababu tulikuwa hatusemezani.

Borås kunanyesha mvua tu tangu Novemba, uliandika mwenyewe. Nijibu neno moja, na usinizungushe: kidole hicho kiliumwa na baridi ya wapi?

Hilja

*

Borås, 5 Mei 1974

Dada,

Huku lilaki zinataka kuchanua na mimi sijambo. Ya kwenu, kama unavyotaka neno moja.

Sasa nitasema na mengine, kwa sababu nimeyabeba mpaka yamenichosha. Kiwanda kilitupa siku za mapumziko, kwa vile tunaondoka. Niliwaza nije wakati Taisto yupo. Nikija wakati kuna wageni wengine, mgeni mmoja zaidi haonekani sana. Nilitaka nikae jikoni siku mbili nikuone unavyotembea, kisha, ikiwa uso wako umekaa vizuri, nikuombe. Unajua nini. Uliandika unataka mtu katika nyumba. Ulimwandikia mtu, ukamwambia unataka mtu.

Nilipanda meli, nikapanda treni mpaka Kajaani, nikapanda basi. Dereva aliniuliza, "Mama unakwenda kwa nani?" Nikasema, "Kwa dada yangu." Niliisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nilikwenda mlango wa mbele, Hilja. Mlango wa mbele, kwa sababu uliniambia mimi ni mgeni, na nilitaka usiwe na neno la kunishika. Na pale kulikuwa na ufagio.

Ningesema hampo. Lakini moshi ulikuwa unapanda, na nilikusikia. Ulikuwa unacheka. Kicheko chako kile cha kushika meza, ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tukiwa wasichana. Nikasimama na sanduku langu nikafikiri: ameniona nikishuka kwenye basi. Ameniona kwa dirisha, ameegemeza ufagio, na sasa anacheka na watu wake.

Usiniambie nilikuwa mjinga, nimejiambia. Mkono wangu ulikuwa umbali wa shibiri moja kutoka kwenye ule ufagio. Vijiti vitatu vya mti, na sikuweza kuvigusa. Nilikwenda nikakaa pale kwenye madebe. Lyyli nilimwona anachungulia, nikainamisha uso. Kidole sikukisikia hata kidogo mpaka melini, kilipoanza kupata joto, nikalia, na watu wakadhani ni kidole.

Barua yako ya Februari ilinifuata siku chache baada ya kufika, na ndani yake umeandika kwa mkono wako kwamba Alhamisi mlicheka. Ningejibu nini?

Sasa umejua. Sijui nifanye nini na barua yako hii mpya. Nimeicheka, kisha nikawa na hasira na mtu ambaye amenikosea kwa kufagia. Msalimie akiandika. Chumba cha wazee wamesema kipo, wanataka jibu.

Saimi

*

Kuivavaara, 14 Mei 1974

Saimi,

Barafu ya ziwani imevunjika jana na ndama bado hana jina. Hizo ndizo salamu.

Umesafiri bahari na nchi mbili ukashindwa na ufagio. Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nikatoka nikauchukua ule ufagio nikautazama. Nilitaka kuutia motoni. Sikuutia, ni ufagio mzuri, na Gun-Britt ameukaza upya kwa waya. Nimemwandikia yeye na Taisto, Lyyli amenisaidia, tumechora picha: nyumba, ufagio, watu wanaogeuka. Amejibu kwa picha pia. Amejichora analia, na kando yake birika. Wanakuja tena Krismasi. Kijiji kizima kimeapa kuja kunywa kahawa, hata kama nyumba inaungua.

Taisto hatakaa hapa, lakini hiyo ni habari nyingine, na si yeye niliyekuwa nikimwandikia.

Bega langu la kulia halinyanyuki. Tangu Novemba namkamua Mansikki kwa mkono mmoja na paji la uso, naye anavumilia kuliko binadamu. Sasa nimelitaja. Mnunuzi wa ng'ombe nilimwambia asije. Alikasirika, nikamfungia mlango. Chumba cha juu nimefungua madirisha kikapata hewa, usimwambie mtu. Cherehani imebaki pale pale dirishani, kuna mwanga mzuri wa kushonea.

Hao watu wa chumba cha wazee wanataka jibu. Wape.

Nimemuuliza dereva wa basi. Anasema basi la Kajaani la Jumamosi linafika mchana, kama zamani. Kituoni sitakuja kukupokea, sleji haina theluji, na mtu wa hapa njia anaijua. Lyyli na wenzake watataka kuja siku hiyo hiyo kutazama, nawajua, kwa hiyo ufagio utakuwa mlango wa mbele, nimeuegemeza mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa ndani.

Mlango huo ni wa wageni. Wewe zunguka jikoni.

Hilja